Kijana Amechagua Lugha ya Alama

(Somo la redio kwa watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa.)

Juma lililopita tulizungumza juu ya gharama za masomo katika nchi za ng'ambo, na barua zimekuja nyingi. Leo nitajibu moja tu, maana ndani yake mna maswali matatu, na mwandishi wake ameandika kwa uchungu.

Yeye ni mzee wa Muheza, mkulima wa michungwa. Kijana wake wa pili yuko Marekani katika chuo kikuu kimoja, mwaka wa kwanza. Sheria ya chuo hicho ni kwamba kila mwanafunzi lazima asome lugha nyingine kwa miaka miwili. Mzee alitazamia kijana achague Kifaransa au Kichina, lugha za kumpa mtu kazi. Kijana akaleta habari kwamba amechagua lugha ya alama, ile wanayosema viziwi. Basi mzee anauliza hivi: "Mwalimu, nimeuza nusu ya shamba ili mtoto akajifunze kupunga mikono? Hiyo lugha ya mabubu ni lugha kweli? Je, chuo hakitaikataa mwishoni, fedha zangu zikapotea? Na akirudi hapa nyumbani, itamfaa nani?"

Maswali ya haki kabisa, mzee wangu. Nitayajibu yote, ila la kwanza litachukua muda mrefu, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yanakuwa mepesi.

Kabla ya yote, neno moja. Tuliache neno "bubu". Kiziwi ana koo na ana sauti kama wewe na mimi. Analokosa ni kusikia tu. Na asiyesikia neno hawezi kuliiga, kama vile asiyeona rangi hawezi kuichagua. Wao wenyewe husema "viziwi", nasi tuseme hivyo. Wako wanaodhani neno hilo ni la dharau kwa kuwa limeanza na ki-, kama kitu. Lakini kijana na kiongozi nao wameanza na ki-, na hakuna aliyelalamika.

Sasa sheria ya chuo. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi hasomi somo lake kuu peke yake. Atakayekuwa mhasibu husoma historia kidogo, na mwanahistoria husoma sayansi kidogo, na vyuo vingi huongeza sharti la lugha, kwa kawaida mihula miwili mpaka minne. Nia si kumfanya mtu mkalimani. Muda huo haumtoshi. Nia ni kumtoa mwanafunzi katika ua wa lugha yake, aone ya kwamba watu wengine wameugawanya ulimwengu kwa namna nyingine. Zamani lugha zenyewe zilikuwa Kilatini na Kiyunani. Baadaye zikaja Kifaransa na Kijerumani. Siku hizi Kihispania ndicho kinachosomwa na wengi kuliko vyote, kisha Kifaransa, na ya tatu, mtastaajabu, ni Lugha ya Alama ya Marekani. Ilishika nafasi hiyo katika hesabu ya mwaka 2013, ikaupita Ujerumani na lugha yake, na katika hesabu ya 2021 walioandikishwa kuisoma vyuoni walizidi 100,000. Kwa hiyo kijana wa Muheza hayuko peke yake.

Lakini wingi wa watu si ushahidi. Watu 100,000 waweza kukosea pamoja. Tuitazame lugha yenyewe.

Hapa nina shida, na nadhani mmekwisha kuiona. Ninafundisha habari za lugha ya kuonwa kwa chombo cha kusikiwa! Na wale ambao habari hii inawahusu zaidi hawawezi kunisikia kabisa. Ndiyo sababu somo la leo litapigwa chapa na kugawanywa. Mwenye jirani kiziwi ajuaye kusoma, ampelekee. Ninyi wengine nitawaomba mnipe mikono yenu.

Haya, wekeni vikombe chini. Nyosheni kidole kile tunachokiita kidole cha shahada cha mkono wa kuume, vingine vikunjeni. Kipitisheni mbele ya paji la uso, toka upande mmoja hadi wa pili, na huku kinapita kikunjeni kama ndoana. Mmesema "kiangazi". Sasa fanyeni vilevile, kidole kilekile, mwendo uleule, lakini mbele ya pua. Mmesema "sura mbaya". Fanyeni tena, sasa mbele ya kidevu. Mmesema "kavu". Maneno matatu, na tofauti yake ni mahali tu. Hebu fikirini maneno yetu pata, bata, data. Herufi moja ikibadilika maana imebadilika. Sisi tunabadili sauti; wao hubadili mahali, au umbo la mkono, au mwendo wake.

Aliyeligundua jambo hilo na kuliandika kitaalamu ni William Stokoe. Mwaka 1955 alikwenda Washington kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Gallaudet, ambacho ni chuo cha viziwi. Wakati ule hata walimu wengi wa chuo hicho waliziona alama kuwa ni Kiingereza kibovu kilichovunjwavunjwa kwa vidole. Stokoe hakuwa hodari wa kusema kwa alama, lakini alikuwa na macho. Aliona ya kwamba kila alama hujengwa kwa vipande vidogo visivyo na maana peke yake: umbo la mkono, mahali na mwendo, kama vile neno linavyojengwa kwa sauti. Akatoa kitabu kidogo mwaka 1960. Wenzake wengi walimcheka. Mwaka 1965 akatoa kamusi pamoja na wenzake wawili viziwi, Dorothy Casterline na Carl Croneberg, na alama zikapangwa humo kwa vipande vyake. Tangu hapo wataalamu wa lugha walianza kuitazama kwa jicho jingine, na leo hawabishani tena kama ni lugha.

Yawezekana msikilizaji aseme, "Sawa, ina maneno, lakini sarufi iko wapi?" Iko, na mimi naona Mswahili ataielewa upesi kuliko Mwingereza. Sikilizeni. Sisi tukisema "nimekupa", katika neno moja tumetaja mtoaji, wakati na mpokeaji. Mwingereza anahitaji maneno kadhaa. Kiziwi wa Marekani naye husema kwa tendo moja: mkono wa kutoa ukienda kutoka kwangu kuja kwako, nimekupa wewe, ukitoka kwako kuja kwangu, umenipa mimi, ukitoka kwako ukaenda pale pembeni ambapo tumekwisha kumweka Juma, umempa Juma. Naam, humweka Juma hewani. Mara ya kwanza humtaja kwa jina na kuonyesha mahali, na baada ya hapo mahali pale ni Juma, mpaka mazungumzo yaishe. Ukisahau ulimweka wapi, umeharibu hadithi.

Tena tuna ngeli. Mtu akisema "kimeanguka", kabla ya kukiona kitu tunajua ni cha kundi la kikombe na kiti. Lugha ya Alama ya Marekani ina maumbo ya mkono yanayofanya kazi iliyo jirani na hiyo. Kidole kimoja kilichosimama ni mtu. Kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, vikinyoshwa na mkono ukilazwa ubavu, ni chombo cha kusafiria: motokaa, baiskeli, hata mashua. Mkono huo ukipanda, ukapinda, ukasimama ghafula, umesimuliwa ajali nzima ya barabarani bila kutaja gari mara ya pili.

Na swali je? Kiswahili husema "Amekuja" na "Amekuja?" kwa maneno yaleyale, sauti tu ndiyo inayopanda. Kiziwi hana sauti ya kupandisha, basi hupandisha nyusi. Nyusi zikipanda ni swali la ndiyo au siyo. Zikikunjwa ni swali la nani, wapi, kwa nini. Kwa hiyo yule anayedhani viziwi hukunja nyuso kwa hasira amekosea: wanauliza tu. Mwanafunzi anayeshika alama 1,000 kichwani na uso wake umetulia kama sanamu bado hajasema sentensi sawasawa.

Neno la mwisho katika jambo hili. Wengi hudhani lugha ya alama ni moja duniani. Sivyo. Mwingereza na Mmarekani husikilizana kwa mdomo, lakini kiziwi wa London na kiziwi wa Chicago hawaelewani kwa alama zao. Hata alfabeti ya vidole, mmoja hutumia mikono miwili na mwingine mmoja. Alama za Marekani zina undugu na za Ufaransa. Sababu yake ni historia, na historia hiyo yafaa tuijue, kwa maana inaeleza kwa nini sharti la chuo si jambo dogo machoni pa viziwi.

Mwaka 1816 Mmarekani mmoja, mchungaji Thomas Hopkins Gallaudet, alikuwa Paris akitafuta namna ya kufundisha watoto viziwi. Pale palikuwa na shule iliyoanzishwa na kasisi de l'Épée katika karne ya 18, iliyofundisha kwa alama. Gallaudet akamshawishi mwalimu mmoja wa shule hiyo, Laurent Clerc, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, wafuatane kwenda Marekani. Walikaa baharini siku 52. Njiani Clerc alimfundisha mwenzake alama, na mwenzake akamfundisha Kiingereza. Mwaka 1817 wakafungua shule katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Watoto walikuja na ishara zao za makwao. Baadhi yao walitoka kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako uziwi wa kurithi ulikuwa mwingi hata wenye kusikia wa vijiji vile walizijua alama na kuzitumia sokoni na mashuani. Alama za Clerc na za watoto hao zikachanganyika, na mchanganyiko huo ndio mzazi wa lugha anayoisoma kijana wetu. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln akatia sahihi sheria iliyokiwezesha chuo cha viziwi cha Washington kutoa shahada.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wenye kusikia. Wakapiga kura kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko alama, na kwamba mtoto kiziwi afundishwe kutazama midomo na kutoa sauti. Wajumbe wa Marekani walipinga, wakashindwa. Na hata kwao Marekani fikira hiyo ilienea, ikiungwa mkono na mtu mashuhuri, Alexander Graham Bell, yule wa simu, ambaye mama yake na mke wake walikuwa viziwi. Walimu viziwi wakaondolewa madarasani. Kwa miaka mingi, katika shule nyingi, mtoto aliyeonekana akisema kwa alama alipigwa mikono, au aliamriwa aikalie. Watoto wakajificha mabwenini na kufundishana usiku. Lugha ikaishi hivyo, kwa wizi.

Viziwi hawakunyamaza. Chama chao cha taifa kilianza kupiga sinema za wasemaji hodari wa alama, ili lugha isipotee hata ikifukuzwa shuleni. Mmoja wao, George Veditz, alisimama mbele ya kamera mwaka 1913 na kuitetea lugha yake kwa mikono yake, na sinema hiyo ingaliko. Mkutano wa kimataifa wa waelimishaji wa viziwi ulipofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010, ulitoa tamko la kusikitikia madhara ya kura ile ya Milan. Miaka 130 baadaye.

Basi fikirini sasa. Mzee kiziwi aliyepigwa kwa rula utotoni kwa sababu ya lugha yake, leo anaona wanafunzi wenye masikio mazima wakipewa sifa na shahada kwa lugha ileile. Wengine hufurahi, kwa kuwa hatimaye majirani wanajifunza kuwasalimu. Wengine hufurahi nusu. Husema: watoto wenye kusikia wanafunguliwa madarasa ya alama vyuoni, na huku mzazi wa mtoto kiziwi bado huambiwa na washauri fulani asimfundishe alama, eti zitamzuia kusema. Mimi naona wana haki ya kulalamika. Lakini sioni kuwa ni sababu ya kufunga madarasa ya chuo. Ni sababu ya kumfungulia na yule mtoto.

Vyuo vyenyewe vilichelewa kukubali. Palikuwa na hoja tatu, na zote mtazisikia bado. Ya kwanza, kwamba lugha hii si ya kigeni, kwa sababu wenyewe ni Wamarekani. Lakini Wanavajo pia ni Wamarekani, tena wa kabla ya Marekani, na hakuna anayesema Kinavajo si lugha nyingine. Kihispania kilisemwa New Mexico kabla nchi hiyo haijawa ya Marekani. Ya pili, kwamba haina maandishi, na kwa hiyo haina fasihi. Hoja hii sitaki kuipigania sana mbele ya watu ambao bibi zao waliwapa hadithi usiku bila karatasi. Viziwi wana hadithi, mashairi, mizaha na michezo ya kuigiza, na vyote vinahifadhika kwa picha. Ya tatu ndiyo nzito: kwamba wanafunzi wataikimbilia kwa kudhani ni rahisi.

Kweli, wako wanaoikimbilia kwa sababu hiyo. Hujuta mapema. Katika madarasa mengi mwalimu ni kiziwi, na sheria ya kwanza ni kwamba midomo ifungwe tangu kuingia mpaka kutoka. Huwezi kumnong'oneza jirani. Huwezi kuandika huku unasikiliza, maana ukiinamia daftari sentensi imekupita. Huwezi kusinzia macho yakiwa nusu. Kusoma jina likiandikwa kwa vidole, herufi baada ya herufi kwa kasi ya kawaida, huwatoa jasho hata wa mwaka wa pili. Na walimu wengi huwadai wanafunzi wahudhurie mikutano ya viziwi nje ya chuo, ambako mwanafunzi hukaa pembeni, haelewi mzaha, kila mtu anacheka isipokuwa yeye. Saa mbili za namna hiyo humfundisha msikivu jinsi kiziwi anavyokaa maisha yake yote mezani pa watu wa nyumba yake. Hakuna kitabu kifundishacho jambo hilo.

Profesa Sherman Wilcox wa Chuo Kikuu cha New Mexico aliwahi kukusanya orodha ya vyuo vinavyokubali lugha hii kwa sharti la lugha, na orodha yake iliendelea kurefuka mwaka kwa mwaka. Hapo ndipo tunafikia swali la pili la mzee: je, fedha zitapotea?

Marekani haina Wizara moja inayoamua mambo haya kwa vyuo vyote. Majimbo mengi yana sheria inayoitambua Lugha ya Alama ya Marekani kuwa lugha ya kusomwa shuleni, lakini kila chuo kina kanuni zake. Chuo kimoja hukubali. Cha jirani hukataa. Kimoja hukubali kwa mtu anayeomba kuingia, lakini hakikubali kwa anayetaka kumaliza. Katika chuo hichohicho, idara moja huridhika na nyingine hutaka lugha ya kusomea vitabu vyake, kwa mfano Kijerumani kwa anayesoma falsafa. Na kijana akihamia chuo kingine katikati ya masomo, kipya hakifungwi na cha zamani. Basi, mzee wangu, mwambie kijana asitegemee maneno ya wanafunzi wenzake. Aende kwa msajili wa chuo na kwa mshauri wa idara yake, apate jibu kwa maandishi, alihifadhi. Akiwa na karatasi hiyo, fedha zako hazina hatari kuliko kama angechagua Kifaransa.

Tena kuna jambo ambalo huenda hukulijua. Vyuo vingi vya Marekani humsamehe sharti hili mwanafunzi anayethibitisha kwamba lugha yake ya kwanza si Kiingereza, na Kiswahili kinafundishwa na kutahiniwa katika vyuo vikuu vingi vya kule. Yawezekana kijana wako angeweza kuonyesha Kiswahili chake, akasamehewa, akapumzika. Ikiwa ndivyo, basi hakusukumwa na sheria. Alichagua. Ningekuwa wewe, ningemwuliza kwa upole kwa nini.

Nadhani jibu limo katika barua yako mwenyewe. Katika ukurasa wa pili umetaja kwa kupita tu kwamba nyumbani yuko mdogo wake wa kike, mwenye miaka 7, asiyesikia tangu kuzaliwa, na kwamba "huyo tunaelewana naye kwa ishara zetu za nyumbani". Umeandika hivyo, ukaendelea na habari za bei ya machungwa.

Sikulaumu. Watoto viziwi zaidi ya 9 katika 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawajapata kumjua kiziwi mwingine. Kila nyumba hutunga ishara zake: kula, njoo, maji, mama amekwenda sokoni. Ishara hizo zina upendo ndani yake, lakini ni chache, nazo hujulikana katika nyumba moja. Hebu jaribu leo usiku kumweleza binti yako, kwa ishara zenu, kwamba kaka yake yuko nchi ya mbali, atarudi baada ya miaka mitatu, na kwamba hakuondoka kwa kumchukia. Ukiweza, nitafurahi. Ukishindwa, utakuwa umeiona tofauti ya ishara na lugha. Na mtoto anahitaji lugha kamili mapema, katika miaka ile ya kwanza kabisa. Akicheleweshwa, hata kusoma na kuhesabu humwia kazi kubwa baadaye.

Sasa swali la tatu: itamfaa nani akirudi? Nisikudanganye. Alama za Marekani siyo Lugha ya Alama ya Tanzania, wala siyo ile ya Kenya. Kijana hawezi kushuka uwanja wa ndege na kuanza kuzungumza na viziwi wa Tanga. Atakuta alama nyingine, na itampasa awe mwanafunzi tena. Hata hivyo atakuwa amekwisha kupata yaliyo magumu: macho yaliyozoea kusoma mikono, uso unaojua kuuliza, na ile tabia ya kumweka mtu hewani na kumkumbuka. Anayejua Kiswahili hajifunzi Kigiryama kama anavyojifunza Mzungu.

Na njia hiyo kutoka Marekani hadi Afrika imekwisha kupitwa. Andrew Foster, kiziwi, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada katika Chuo cha Gallaudet, mwaka 1954. Mwaka 1957 akaenda Ghana, akaanzisha shule ya viziwi, kisha akaendelea nchi baada ya nchi, Naijeria hadi Kongo, akafungua shule zaidi ya 30. Alikufa kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Kwa sababu yake, katika nchi kadhaa za Afrika alama za viziwi zina damu ya Hartford.

Kwetu Afrika Mashariki mambo nayo yamesogea. Katiba ya Uganda ya 1995 imeagiza lugha ya alama iendelezwe. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Na mtahiniwa kiziwi wa Kenya huweza kuifanyia mtihani mahali pa Kiswahili. Hapa Tanzania shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na baadaye zikafuata nyingine, kama ile ya Buguruni, Dar es Salaam. Wakalimani ni wachache mno kwa mahitaji ya hospitali, mahakama na shule. Kwa hiyo kazi ipo, ingawa siwezi kukuahidi mshahara wake.

Lakini usimngoje kijana, mzee wangu. Miaka mitatu ni mingi kwa mtoto wa miaka 7. Nenda kwa Afisa Elimu wa wilaya ukaulize shule iliyo karibu yenye kitengo cha viziwi, na umpeleke binti yako akakutane na wenzake. Siku ya kumpeleka, usirudi upesi. Kaa chini ya mwembe wao ukatazame wanavyozungumza wakati wa mapumziko, kisha mwombe mwalimu au mtoto mkubwa akufundishe alama kumi za kwanza, wewe na mama yake. Mwandikie kijana kwamba mmeanza, na umtajie hizo kumi, aone zipi zinafanana na zake.

Vikundi vya kusikiliza, mazungumzo yenu ya juma hili yawe juu ya jambo moja: katika kijiji au mtaa wenu mna watoto wangapi wasiosikia, na wangapi kati yao wako shuleni. Wahesabuni kwa majina. Mtuletee hesabu hiyo kwa barua kabla ya Ijumaa ya juma lijalo. Kwa herini.